Ripoti Isiyo na Neno

Kasongo, 3 Februari 2024

Yaya Victorine,

Salamu, dada, kutoka uani kwetu, pale ulipokuwa ukianika sare zako za ualimu na mimi nikikuibia karanga. Chumba ulichopanga sasa kimejaa magunia ya mchele ya baba, lakini msumari wako wa kutundikia mkoba bado upo ukutani.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani. Huko Wamaza mtandao mnaufuata kilimani, na mimi sina subira ya kungoja mtu apande kilima. Amuri, motari wetu wa pikipiki, atakupa barua hii pamoja na kadi ya memori niliyoifunga ndani ya kipande cha kanga. Usiipoteze, nadhani unajua ninavyopoteza vyangu.

Ninatengeneza programu ya simu. Usicheke! Sijui kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta, na hakuna anayeniomba niuandike. Kuna jukwaa mtandaoni linakupa visanduku. Unavivuta kwa kidole, hiki unakiambia "ukiguswa, toa sauti", kile unakiambia "ukiguswa, rekodi", na programu inasimama yenyewe. Yangu inaitwa Daraja. Motari anayetoka Kasongo kwenda Kabambare anagusa picha ya daraja, ya kivuko au ya tope, na sauti inamwambia njia ikoje. Akikuta mti umeanguka, anabonyeza na kusema. Maneno yake yanakaa ndani ya simu mpaka afike penye mtandao, kisha yananijia mimi.

Lugha ni nne. Kifaransa na Kiswahili nasema mwenyewe. Kizimba amesema Mama Odile wa soko la samaki, amesema kama anagombana na mteja, imependeza sana. Kibangubangu sina mtu ila wewe. Jukwaa lina orodha ya lugha za dunia, na Kibangubangu hakimo, wala huruhusiwi kukiongeza. Basi nimekipangisha chumba cha Kiaislandi, na Kizimba nimekiweka kwa Waestonia. Wenyewe hawatajua.

Watu wa shirika moja la Kindu watakuja kuiangalia mwishoni mwa Machi. Wakiipenda, itasambaa jimbo zima la Maniema. Mimi siwezi kutulia, yaya. Hata kula nakula nimesimama, na baba anasema nitaota mizizi mbele ya skrini hii kabla sijaolewa. Maneno ya kusoma yako nyuma ya karatasi. Rekodi upesi, unirudishie kadi.

Mdogo wako,
Soraya Zakaria


Wamaza, 11 Februari 2024

Soraya mdogo wangu,

Kadi nimeipata, na kanga nimeitambua. Ni ile ya Idi ya bibi yako, Bibi Feza, na kama umeikata bila kumwambia, shauri yako.

Nimerekodi yote shuleni baada ya watoto kutoka, maana nyumbani mbuzi hawanyamazi. Nimesema polepole kama ulivyotaka. Nimerekodi kwa namna ninayoijua mimi, usije ukaniuliza kwa nini hivi na kwa nini vile.

Sasa na mimi nina ombi, na si dogo. Mama yangu Anastasie haamki tena kitandani. Muuguzi wa hapa ameniambia nimpe uji anapotaka na nikae naye, nawe si mtoto, unaelewa muuguzi akisema hivyo anasema nini. Mama halalamiki. Amegeukia ukuta tu. Kitu anachokitaka hakitaji, ila mimi nakijua. Anamtaka Nathanaël.

Wewe hukupata kumwona mdogo wangu huyo. Baba alipofariki, Nathanaël alifika kaburi limeshafunikwa. Njia ilikuwa mbaya, lakini mama hakutaka kusikia habari za njia. Alimwambia mbele ya watu wote: "Miye sitakuita tena." Nathanaël akachukua mfuko wake, hakungoja hata chakula cha matanga. Miaka imepita. Watu wanasema anachimba dhahabu upande wa Lusangi, na wengine wanasema amebadili jina kama wanavyofanya wengi machimboni. Nimetuma wa kumuulizia. Wanauliza Nathanaël, wanajibiwa hapa hakuna Nathanaël.

Kwa hiyo Daraja lako lianze Lusangi. Kabla ya Kabambare, kabla hata ya hapa kwetu. Wabangubangu wa huko wakisikia lugha yao ndani ya simu wataisikiliza hata kama hawana safari. Nataka sauti yangu ifike alipo yeye, mama akiwa bado anasikia. Nifanyie hilo tu.

Dada yako,
Victorine


Kasongo, 19 Februari 2024

Yaya Victorine,

Pole sana kwa mama. Nimelisoma ombi lako nikasahau kwamba nilikuwa na njaa.

Nimefanya kama ulivyosema. Pitchou, yule anayechaji na kutengeneza simu machimboni, ameondoka jana kwenda Lusangi na Daraja ndani ya mkoba wake. Ataipachika kwenye kila simu itakayomfikia, wakubali wasikubali. Sauti yako imetoka nzuri, unaongea kama mtu anayemvusha kipofu. Ila kulikuwa na kazi ya kusafisha. Mwalimu mzima, kila ukimaliza sentensi unapiga mluzi! Kama motari anayengoja abiria. Mara ya kwanza nilidhani ni ndege, mara ya pili nikadhani ni mwanafunzi mtundu dirishani, lakini kumbe ni wewe, kila rekodi, mluzi uleule.

Nilikuwa nasikiliza kwa spika, na Bibi Feza alikuwa ndani. Unamjua. Mluzi ndani ya nyumba kwake ni kuwaita mashetani waje wakae. Akatoka na tasbihi mkononi: "Soraya, huyo mutu anaita nini humu ndani?" Nikamwambia ni kompyuta. Akasema: "Basi ikatwe ulimi." Nimekata milio yote mwishoni, moja moja, sasa ni safi kabisa. Watu wa Kindu wanataka sauti safi.

Chumba cha Kiaislandi kimeniletea aibu kidogo. Kila kitufe ambacho sikuandika maneno, jukwaa limekijaza Kiaislandi lenyewe. Pitchou akaniuliza kama ni maneno ya dawa. Nimerekebisha, au karibu.

Mwambie mama Daraja imeshaenda.

Soraya


Wamaza, 24 Februari 2024

Soraya,

Mto Luama umefurika. Amuri hajapita, na sijui kama umenijibu ama bado. Barua hii nampa mtu anayezunguka kwa miguu, huenda ikakufikia kabla ya yako kunifikia mimi, au zitapishana njiani bila kusalimiana.

Nashindwa kufundisha. Nikiwa darasani nafikiri mama ameniita, nikiwa kwa mama nafikiri Amuri amepita akakuta mlango umefungwa. Jana niliwaandikia watoto hesabu ubaoni nikaifuta kabla hawajaimaliza, wakabaki wananitazama.

Kuna kitu chochote kimetoka Lusangi? Nasema chochote. Hata kama ni kidogo, hata kama wewe unakiona hakina maana, niambie. Sitaki kueleza zaidi kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu. Kuna mambo kwetu hatuyaandiki.

Mama amekula vijiko vichache.

Victorine


Kasongo, 6 Machi 2024

Yaya,

Barua yako ya miguu imefika, imelowa, lakini inasomeka. Unauliza kama kuna kitu kutoka Lusangi. Kipo, kipo kingi! Programu imewaka. Ripoti zinaingia mpaka naogopa kwenda kuoga. Mmoja anasema daraja la miti limebebwa na maji, mwingine anasema limerudishwa, wa tatu anawatukana wote wawili. Kibangubangu sielewi, namwita mke wa fundi cherehani anitafsirie, naye anacheka kwanza ndipo aniambie.

Kuhusu ndugu yako, hakuna aliyejitaja. Nimesikiliza kila kitu. Ningekuficha?

Ila kuna mchokozi mmoja huko ananiharibia siku. Jukwaa linanionyesha kwenye ramani mahali ripoti iliporekodiwa, na huyu yuko Lusangi hasa. Hasemi njia imekatika wala imepona. Anapiga mluzi, basi, anaachia kitufe. Kesho tena. Bibi akisikia anavuta mkeka wake anahamia uani. Mwisho nimeweka kanuni kwenye programu, ripoti fupi kuliko pumzi moja inafutwa yenyewe kabla hata sijaiona. Tangu hapo nyumba imetulia, na mimi nimerudi kwenye rangi za vitufe.

Luama ikishuka Amuri atakuletea hii pamoja na ile ya kwanza. Vumilia, yaya. Watu wa Kindu wamethibitisha kuja.

Soraya


Wamaza, 12 Machi 2024

Soraya,

Barua zako mbili nimezipata pamoja, leo asubuhi. Nimezisoma nimesimama barabarani, Amuri akidhani nimepata msiba.

Umekata wito wa ndugu yangu. Kisha akajibu, ukamfuta.

Nimeikunja karatasi hii nikaifungua tena. Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi zaidi, kwa sababu sikukuambia. Nitakuambia sasa, na mama anisamehe. Wakati wa vita tulikuwa tunalala porini. Ukiwa porini huiti mtoto kwa jina, maana wenye bunduki nao wanasikia majina. Mama alimpa kila mmoja wetu mluzi wake. Wangu mfupi, wa Nathanaël unazunguka mara mbili. Mama anaita, mtoto anajibu kwa mluzi huohuo, ila mwisho wake ndio jibu. Mwisho ukipanda, maana yake nakuja. Mwisho ukishuka, maana yake siji, msinifuate nilipo. Hatukuwahi kumfundisha mtu wa nje, hata marehemu mume wangu hakuujua. Ndiyo maana nilikuambia usiniulize.

Nathanaël hawezi kuitika jina ambalo amelitupa. Kwa mluzi ndiyo nilijua ataitika. Nikaweka wito wake mwisho wa kila rekodi, mwisho wa daraja, mwisho wa tope, mwisho wa kivuko. Wewe ukasafisha. Na bado amenijibu, Soraya! Amesikia sauti yangu ikisoma habari za madaraja akaelewa ni mimi. Kila siku alikuwa ananijibu, nasi tukawa kimya, mpaka na yeye akanyamaza.

Sasa niambie jambo moja tu. Mwisho ulipanda au ulishuka? Kumbuka. Mama sijamwambia lolote, sitaki kumpa kitu kisha nimnyang'anye.

Victorine


Kasongo, 15 Machi 2024

Yaya Victorine,

Sina uso wa kukuandikia, lakini Amuri amewasha pikipiki na anasubiri mlangoni.

Sikumbuki. Nimekaa nimefumba macho nikijaribu kuusikia, na kila ninachokisikia ni mimi mwenyewe nikimlaani huyo mtu. Nilikuwa nafuta kabla haujaisha. Nimelia, na kulia kwangu hakukusaidii kitu, kwa hiyo nakwambia nilichofanya baada ya kulia.

Kanuni nimeiondoa. Nimerudi kwenye ripoti zote za Lusangi, moja baada ya nyingine. Nyingi zimekwenda na hazirudi. Moja imepona. Imepona kwa sababu siku hiyo alipomaliza mluzi hakuachia kitufe. Amenyamaza, kidole kiko palepale, na kwa nyuma unasikia watu wanaosha mchanga na mtu mmoja anakohoa. Ni muda mrefu. Nadhani alikuwa anangoja. Kwa kuwa ilikuwa ndefu, kanuni yangu haikuikamata, na mimi sikuwa nimeifungua bado.

Nimeisikiliza hadi masikio yamechoka na siwezi kukuambia kama inapanda au inashuka. Mwanzoni nilisema inapanda. Kisha nikasema nasema hivyo kwa kuwa nataka ipande. Iko ndani ya kadi, sikiliza mwenyewe.

Bibi Feza alinikuta nikiicheza kwa sauti kubwa katikati ya nyumba. Nikamweleza, nisamehe, ilibidi. Akaniambia: "Kama ni mama anaita mutoto wake, hiyo haiko mluzi. Acha ipige." Na amekaa hapohapo, hakuhama.

Milio yako nimeirudisha yote kama ulivyoirekodi. Pitchou ataipeleka.

Nisamehe.

Soraya


Wamaza, 20 Machi 2024

Soraya mdogo wangu,

Inashuka.

Sikuhitaji kuisikia mara mbili. Hata wewe uliyekuwa na shaka, shaka yako ilikuwa ya wema. Inashuka kama jiwe. Siji, msinifuate.

Nilitaka kuificha simu, lakini nyumba yetu unaijua, ni chumba kimoja na pazia. Mama alikuwa amesikia. Aligeuka kutoka ukutani, jambo ambalo hajalifanya tangu mwezi uliopita, akasema: "Hiyo iko yake." Akasema: "Nani alimuita?" Nikasema: "Miye, mama." Akatazama dari, akasema: "Basi amekujibu weye. Miye sijaita bado."

Unaelewa? Alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hatamwita, na Nathanaël anajua mama hasemi kitu akakirudisha. Ninavyoita mimi si kama anavyoita mama. Sauti ileile ya mluzi, lakini mtoto anajua mdomo uliomwita. Kwa hiyo amenijibu kama mtu anayemjibu dada, siji, nyumba ile ilishanifukuza.

Mama akaomba simu. Hakuweza kuishika, nikaishika mimi. Midomo ilikuwa imekauka, mluzi haukutoka, ulitoka upepo tu. Nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Upepo tena. Akakasirika, akaniambia nitoke nje, nikatoka kidogo hadi kwenye pazia. Alijaribu peke yake, akapumzika, akajaribu. Halafu ukatoka, Soraya. Si wenye nguvu, lakini umezunguka mara mbili na haukukatika. Nilikimbia nikabonyeza, akaupiga tena.

Uko ndani ya kadi hii. Uweke badala ya wangu. Fanya haraka, nakuomba, amelala tangu alipomaliza na pumzi yake siipendi.

Victorine


Kasongo, 27 Machi 2024

Yaya Victorine,

Msomee mama barua hii mwenyewe, na usome polepole.

Nimeuweka mluzi wake siku ileile kadi ilipofika, na Pitchou akaondoka nao kwenda Lusangi. Sikuuweka kwenye Kibangubangu peke yake. Nani anajua siku hizi anasikiliza lugha gani, machimboni watu wanachanganyika. Nimeuweka kwenye lugha zote nne. Mama Odile anamaliza ugomvi wake wa Kizimba, mama anaita. Mimi namaliza Kifaransa changu cha kujidai, mama anaita. Yeyote kusini mwa Maniema anayeuliza habari za daraja sasa anamsikia mama Anastasie akimwita mwanawe.

Watu wa Kindu walikuja katikati ya haya yote. Wakasikiliza, wakatazamana. Mmoja akauliza ule mlio wa mwisho ni wa nini, akasema ni kasoro, uondolewe. Nikamwambia hauondoki. Wamesema watafikiria. Wameondoka hata chai hawakumaliza, na baba amenitazama kama nimechoma duka. Wacha wafikirie.

Sasa sikiliza. Jumapili, hakuna kitu. Jumatatu, hakuna kitu, nilivunja glasi. Jana asubuhi ripoti imeingia kutoka Lusangi. Haina neno hata moja. Inazunguka mara mbili, na mwisho unapanda. Unapanda, yaya! Nilimwita Bibi, nilimwita baba, nilimwita mteja aliyekuja kununua chumvi, wote wamesema unapanda.

Na leo, nikiwa naandika mstari wa juu, imeingia nyingine. Haikutoka Lusangi. Imetoka Kabambare.

Amuri nimemwambia asisimame popote.

Soraya


Wamaza, 5 Aprili 2024

Soraya,

Amuri alitii. Barua yako ilifika Jumamosi kuamkia Pasaka. Nilimsomea mama polepole kama ulivyosema. Nilipofika kwenye neno Kabambare alifungua macho akaniambia: "Basi pika. Mutu anatoka mbali, weye unasoma tu?" Nikapika, sombe ya majani ya muhogo na samaki, chungu kizima, na yeye akanisimamia kutoka kitandani kwa kunusa. Jumapili chungu kilibaki, nikakipasha moto. Jumatatu ya Pasaka, baada ya ibada, mama yetu alituacha. Tulimzika Jumanne, kwa kuwa joto halingojei mtu.

Jumatano mchana nilikuwa nafua vitambaa vyake. Nikasikia mluzi ng'ambo ya kijito, chini ya migomba. Unazunguka mara mbili, mwisho unapanda. Mikono ikanitoka majini.

Kuna jambo sikukueleza. Zamani, mtoto akifika karibu na maficho, hakuruhusiwa kuingia mpaka mama amwite mara nyingine ya mwisho, ili ajue hapa ni salama. Nathanaël alikuwa amesimama kule anangoja wito huo. Angengoja mpaka usiku. Na mimi nisingeweza kumdanganya kwa mluzi wangu, angeutambua.

Nikachukua simu, yenye Daraja aliyonipachikia Amuri Jumamosi ile, nikashuka hadi kwenye migomba ya upande wetu, nikaiinua juu na kugusa picha ya daraja. Sauti yangu ikasema kwa lugha yetu: "Daraja ni zima, piteni." Halafu mama akaita.

Alivuka anacheka, Soraya. Maji hadi magotini, viatu mkononi, amekonda, ana ndevu, anacheka kama mtoto aliyesamehewa. Akaniambia: "Yaya, mama iko na nguvu! Anapiga sawa zamani. Iko wapi?"

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Amekuwa hapa tangu siku hiyo. Jana alikula kile chungu nilichokuwa nikikipasha kila siku kwa ajili yake, akakipangusa kwa kidole. Hajanilaumu. Anakaa kaburini asubuhi, mchana anatengeneza paa. Na amenituma kwako, naye nami tuna neno moja. Uondoe wito wa mama. Kwetu, mtu akishafika, haitwi tena. Kumwita aliyekwisha kuingia nyumbani ni kumwambia bado yuko nje. Anasikia motari wakipita barabarani na simu zao, kila anayegusa daraja, mama anaita, na kila mara ananyanyuka.

Ukate, mdogo wangu. Safari hii nakuomba mimi.

Victorine


Kasongo, 12 Aprili 2024

Yaya Victorine,

Poleni sana, wewe na Nathanaël. Hapa kwetu Bibi Feza amemsomea mama yenu dua, akasema asiulizwe kama ilikuwa sahihi kumsomea.

Nimekata. Ile mara ya kwanza nilikata milio yote huku nikila embe. Safari hii imenichukua siku nzima. Kizimba nimekata, Kifaransa, Kiswahili. Kibangubangu nilikiacha cha mwisho. Nikasikiliza mara moja, kisha nikakata na hicho. Hakuna nakala niliyoificha. Wa Kindu wameandika kwamba sasa wameridhika na sauti, watanijibu. Sijui kama bado nataka wanijibu.

Ila lazima nikuambie ukweli wa kazi yangu, usije ukausikia kwa mtu mwingine. Mabadiliko ninayofanya hapa yanafika kwenye simu pale tu simu inapokutana na mtandao. Za Kasongo zimeshabadilika. Za Kabambare zitabadilika wiki hii. Hizo zinazopita mbele ya nyumba yenu ni za njiani, mwambie Nathanaël avumilie, zitanyamaza.

Machimboni ni jambo jingine. Pitchou anasema kuna watu kule, simu zao hazijaona mtandao tangu wazinunue, na safari ya mwisho alizipachika Daraja yenye wito wa mama kwa mkono wake. Siwezi kuzifikia. Nimemwomba azifute moja moja atakaporudi, lakini yeye hana haraka, na njia ya Lusangi imekatika tena.

Kwa hiyo huko, yaya, mama bado anaita.

Soraya